Ligi ya wanawake iliyokufa mara mbili: Marekani waliifufuaje, na je, itadumu?

Novemba 23, 2024, mshambuliaji wa Zambia, Barbra Banda, alifunga bao pekee la fainali ya ligi kuu ya soka ya wanawake nchini Marekani. Timu yake, Orlando Pride, ikatwaa ubingwa. Msimu huohuo mfungaji bora wa ligi alikuwa Temwa Chawinga wa Malawi, aliyepachika mabao 20 na kuchaguliwa mchezaji bora. Kwa msikilizaji wetu wa Kyela au Tunduma, hawa ni majirani. Chawinga anatoka wilaya ya Rumphi, kaskazini mwa Malawi, upande wa pili wa mto Songwe ukielekea kusini.

Wengi wanajua kwamba dada hawa wanalipwa vizuri. Wasilolijua wengi ni kwamba ligi wanayoichezea, inayoitwa NWSL, ni ya tatu kuanzishwa Marekani. Mbili zilizoitangulia zilikufa, na kila moja ilicheza misimu mitatu tu. Nchi yenye fedha nyingi, yenye timu ya taifa ya wanawake iliyobeba Kombe la Dunia mara nne, ilishindwa mara mbili kuwalipa wanawake mishahara ya kucheza mpira kila wiki.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Timu ya wasichana ya wilaya inaanzishwa kwa shangwe, jezi mpya zinagawiwa, mgeni rasmi anapiga mpira wa kwanza na picha zinapigwa. Mwaka unaofuata ukiuliza timu iko wapi, unaambiwa mdhamini ameondoka. Katika makala haya tunaeleza ligi ya wanawake hufa kwa sababu gani, ni nini kiliwezesha ile ya Marekani kufufuka, na ni nini bado kinaweza kuiua.

Fedha ya ligi inatoka wapi?

Tuanze na hesabu. Ligi ya kulipwa ni ile ambayo mchezaji anafanya mpira kuwa kazi yake. Analipwa mshahara, anatibiwa akiumia, na halazimiki kwenda shambani au dukani asubuhi ili ale jioni.

Fedha ya kuendesha ligi hiyo ina vyanzo vikuu vinne. Cha kwanza ni viingilio vya mashabiki. Cha pili ni wadhamini, yaani kampuni zinazolipa ili majina yao yaonekane kwenye jezi na kwenye mabango. Cha tatu ni haki za matangazo, fedha ambazo televisheni hulipa ili kuonyesha mechi. Cha nne ni mfuko wa mmiliki wa timu mwenyewe.

Ligi mpya karibu siku zote huishi kwa chanzo cha nne. Mashabiki hawajazoea kuja, wadhamini wanasubiri waone, na televisheni inalipa kidogo au hailipi kabisa. Kwa hiyo mmiliki anatoa fedha yake na kupata hasara miaka ya mwanzo, akitumaini vyanzo vitatu vya kwanza vitakua. Suala ni kama mfuko wake utavumilia hadi siku hiyo.

Ligi ya kwanza: shangwe ya 1999

Julai 10, 1999, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ilichezwa kwenye uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, jimbo la California. Watazamaji walikuwa 90,185. Marekani na China zilitoka 0-0, na Marekani ikashinda kwa mikwaju ya penalti 5-4. Brandi Chastain alipofunga penalti ya mwisho na kuvua jezi kwa furaha, picha yake ilisambaa dunia nzima.

Wafanyabiashara waliona umati ule wakapiga hesabu. Kama watu 90,000 wamekuja kuangalia wanawake wakicheza, basi biashara ipo. Mwaka 2001 ikaanza ligi ya WUSA yenye timu nane, ikiwa na nyota wa timu ya taifa kama Mia Hamm. Kampuni za televisheni za kulipia zilikuwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa. Mechi ya ufunguzi, jijini Washington, ilihudhuriwa na watu zaidi ya 34,000.

Tatizo lilikuwa kwamba Kombe la Dunia ni sherehe, na ligi ni kazi ya kila wiki. Mtu anayefunga safari mara moja kuona fainali si lazima arudi Jumamosi nyingine kuona timu ya mtaa. Msimu wa kwanza wastani wa mashabiki ulikuwa karibu 8,000 kwa mechi. Msimu wa tatu ulikuwa umeshuka hadi chini ya 7,000.

Wakati huohuo matumizi yalikuwa ya kisherehe. Mtaji wa kuanzia ulikuwa dola milioni 40, uliokusudiwa kutosha miaka mitano. Uliisha katika mwaka wa kwanza. Wawekezaji waliongeza fedha, na hadi mwisho hasara ilifika takriban dola milioni 100. Wachezaji nyota walikubali kupunguziwa mishahara ili ligi isifungwe, lakini haikutosha.

Septemba 15, 2003, ligi ilisimamishwa. Zilikuwa zimebaki siku tano tu Kombe jingine la Dunia lianze, tena hapohapo Marekani. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa nini kufufua ni kugumu kuliko kuanza?

Baada ya kifo hicho, zilipita zaidi ya miaka mitano bila ligi kuu ya wanawake ya kulipwa Marekani. Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2004 timu za zamani ziliitwa tena kucheza mechi chache za maonyesho, ili kuwakumbusha mashabiki na kuwavutia wafadhili. Kamati iliundwa, wawekezaji wapya wakatafutwa, na tarehe za kuanza zikasogezwa mbele.

Ugumu ulikuwa huu: ligi inayoanza inauza matumaini, lakini ligi inayofufuka inabeba historia. Kila mwenye fedha aliyefuatwa aliuliza swali moja: zile dola milioni 100 zilikwenda wapi? Wachezaji nao hawawezi kusubiri. Mchezaji wa miaka 26 ligi ikifungwa, akisubiri miaka sita ana miaka 32. Wengine walikwenda kucheza Ulaya, wengine wakaacha mpira kabisa.

Jambo moja lilisaidia. Baadhi ya mizizi haikung'olewa. Timu ya Washington Freedom iliendelea kucheza katika ligi ya ngazi ya chini, bila makuu, kwa hiyo ligi ya pili ilipokuja ilikuta timu yenye jina, viongozi na mashabiki wake.

Ligi ya pili: bajeti ndogo, wamiliki dhaifu

Ligi ya pili, WPS, ilianza Machi 2009 ikiwa na timu saba. Safari hii viongozi walisema watabana matumizi. Marta wa Brazil, aliyekuwa mchezaji bora wa dunia, alisajiliwa na timu ya Los Angeles Sol.

Lakini mwaka 2009 dunia ilikuwa katika msukosuko wa kiuchumi. Kampuni zilikuwa zinafunga mikoba, na ligi yenyewe ilitegemea uwezo wa mmiliki mmojammoja. Mmiliki mmoja akiyumba, timu inakufa. Los Angeles Sol, iliyokuwa na Marta, ilifungwa baada ya msimu mmoja tu. Mwaka 2010 timu ya Saint Louis ilikufa katikati ya msimu, na wachezaji wake wakatawanyika kutafuta timu nyingine. FC Gold Pride ilitwaa ubingwa wa mwaka huo, kisha ikafungwa kabla ya mwaka kwisha. Fikiria hilo: unabeba kombe, na wiki chache baadaye huna kazi.

Mwaka 2011 ikaja shangwe nyingine. Marekani ilifika fainali ya Kombe la Dunia nchini Ujerumani na kufungwa na Japani kwa penalti. Nyota waliporudi nyumbani, mechi moja ya ligi mjini Rochester ilijaza watu zaidi ya 15,000. Lakini ndani ya ligi kulikuwa na mgogoro wa kisheria na mmiliki wa timu moja, na gharama za mawakili ziliikamua ligi iliyokwisha kudhoofika. Januari 2012 msimu ulisimamishwa, na Mei mwaka huo ligi ikafungwa rasmi.

Kwa mara ya pili, watu walikuja uwanjani na ligi ikafa vilevile. Uwanja kujaa siku moja ni jambo jema, lakini hakuthibitishi kwamba mishahara ya mwezi ujao ipo.

Ligi ya tatu: nani abebe mzigo mzito?

Novemba 2012, Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza mpango mpya. Ligi ya NWSL ingeanza mwaka uliofuata ikiwa na timu nane. Tofauti na zile mbili za nyuma ilikuwa katika swali la nani analipa nini.

Katika kila ligi mzigo mzito kuliko yote ni mishahara ya wachezaji nyota. Safari hii shirikisho lenyewe lilikubali kuwalipa wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani waliogawiwa katika klabu. Mashirikisho ya Kanada na Mexico yakawalipa wa kwao. Klabu zilibaki na mzigo wa wachezaji wengine tu, na hata huo uliwekewa kikomo. Kwa lugha ya kijijini, ukoo mzima ulichangia mahari badala ya kumwachia baba peke yake.

Jambo la pili lilikuwa kushirikiana na klabu za wanaume. Mjini Portland, mmiliki wa timu ya wanaume ya Timbers ndiye aliyeanzisha timu ya wanawake, Portland Thorns. Uwanja ulikuwepo, ofisi ilikuwepo, wauza tiketi walikuwepo, na mashabiki walishajua njia ya kwenda uwanjani. Katika msimu wa kwanza Thorns ilipata wastani wa mashabiki zaidi ya 13,000 kwa mechi, idadi ambayo timu nyingine za ligi hiyo hazikuikaribia.

Jambo la tatu lilikuwa subira. Hakuna aliyeahidi viwanja kujaa mwaka wa kwanza. Timu bado zilikufa: Kansas City mwaka 2017, Boston mwanzoni mwa 2018. Lakini ligi iliweza kupoteza timu bila kuanguka yenyewe.

Unafuu ule ulilipiwa na nani?

Hapa tunaomba msikilizaji atulie kidogo, maana hadithi ya mafanikio mara nyingi huishia kabla ya sehemu hii.

Mwaka 2013 mshahara wa chini katika NWSL ulikuwa dola 6,000 kwa msimu. Ukigawa kwa miezi 12, ni dola 500 kwa mwezi, katika nchi ambayo kodi ya chumba peke yake inaweza kuzidi hapo. Wachezaji wengi waliishi katika nyumba za familia zilizojitolea kuwapokea, wakafanya kazi za pembeni, wakaacha mpira mapema. Ligi ilipumua kwa sababu wasichana hao walibana matumbo yao.

Kibaya zaidi, mchezaji anayeambiwa kila siku kwamba ligi ni dhaifu na inaweza kufa hufunga mdomo. Akinyanyaswa na kocha, anajiuliza: nikisema, si nitawaua wenzangu? Mwaka 2021 baadhi ya wachezaji waliamua kusema. Tuhuma za unyanyasaji wa kingono na wa maneno dhidi ya makocha ziliwekwa hadharani. Oktoba 6 mwaka huo, katika mechi za ligi, wachezaji wa timu zote mbili walisimamisha mchezo dakika ya sita, wakakutana katikati ya uwanja na kushikana mabegani. Kiongozi mkuu wa ligi alikuwa amekwisha kujiuzulu. Uchunguzi huru uliotolewa Oktoba 2022 ulieleza kwamba unyanyasaji ulikuwa umeenea katika mfumo wa ligi, na kwamba waliokuwa na mamlaka walishindwa kuchukua hatua.

Wengi walidhani hapo ligi ya tatu nayo itazikwa. Haikuzikwa. Mwaka 2022 chama cha wachezaji kilisaini mkataba wa kwanza wa pamoja na ligi, na mshahara wa chini ukapanda hadi dola 35,000. Mkataba uliofuata, wa 2024, uliweka kima cha chini kuwa dola 48,500 kwa mwaka 2025, kikipanda mwaka hadi mwaka kufikia dola 82,500 mwaka 2030.

Tunalisema hili kwa sababu hapa kwetu husikika maneno kwamba wasichana wasidai sana, wasije wakaua timu. Marekani ilikuwa kinyume. Fedha kubwa zilikuja baada ya wachezaji kudai usalama na mikataba, si kabla.

Hali ikoje leo?

Novemba 2023 ligi ilisaini mikataba ya televisheni ya miaka minne yenye thamani ya dola milioni 240. Kile chanzo cha tatu tulichokitaja, haki za matangazo, hatimaye kikaanza kutoa maji. Machi 2024 mjini Kansas City, mji uleule uliopoteza timu mwaka 2017, ulifunguliwa uwanja wa watu 11,500 uliojengwa mahususi kwa ajili ya timu ya kulipwa ya wanawake. Hapo ndipo Chawinga anapochezea. Mwaka huohuo, klabu ya Angel City ya Los Angeles ilipata mmiliki mpya kwa thamani ya dola milioni 250.

Fedha hizo zimefika hadi Afrika. Mapema 2024 klabu ya Bay FC ilimnunua Mzambia Racheal Kundananji kutoka Madrid kwa ada iliyokuwa rekodi ya dunia kwa soka la wanawake wakati huo. Wiki chache baadaye Banda akahamia Orlando akitokea China.

Je, ligi inaweza kufa mara ya tatu? Kufa ghafla kama zile mbili ni vigumu sasa, lakini hatari zipo. Ya kwanza ni kupanuka kwa pupa. Kutoka timu nane, ligi imefika 14, na mwaka 2026 ni zamu ya Boston na Denver kuingia na kuifanya 16. Mwenye fedha wa Denver alikubali kulipa dola milioni 110 kwa ajili ya nafasi hiyo. Mtu aliyelipa kiasi hicho atataka fedha yake irudi, na kama haitarudi upesi, tutaona kama ana subira.

Ya pili ni ushindani wa Ulaya. Januari 2025 Chelsea ya Uingereza ilimchukua beki Naomi Girma kutoka San Diego kwa zaidi ya dola milioni 1. Klabu kubwa za Ulaya zina fedha za timu zao za wanaume, na NWSL ina kikomo cha mishahara. Kikomo hichohicho kilichoiokoa ligi mwaka 2013 sasa kinaweza kuifukuzia nyota wake.

Ya tatu ni televisheni yenyewe. Mikataba ya miaka minne ina mwisho. Siku ya kusaini upya ndipo itakapojulikana kama watazamaji waliongezeka kweli.

Na sisi huku?

Tanzania tuna Ligi Kuu ya Wanawake tangu msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Tangu hapo Simba Queens wamefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, mwaka 2022 nchini Morocco. Twiga Stars wamerudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, baada ya kukosekana tangu 2010. Wasichana wetu kama Aisha Masaka na Clara Luvanga wamepata kazi nje ya nchi. Ligi ipo na inatembea.

Lakini kuwepo kwa ligi hakumaanishi kila mchezaji ana mshahara wa uhakika. Kwa hiyo mara nyingine ukisikia timu ya wanawake imeanzishwa mkoani kwako, au iliyokufa inataka kufufuliwa, uliza maswali manne kabla ya kupiga makofi.

Kwanza, nani atalipa wachezaji mwezi ambao uwanja ni mtupu? Jibu likiwa ni jina la mtu mmoja, kuwa na wasiwasi.

Pili, gharama kubwa kuliko zote ni ipi, na nani amekubali kuichangia? Kwa Marekani ilikuwa mishahara ya nyota. Kwa timu ya mkoani inaweza kuwa nauli ya basi kwenda kucheza ugenini, na malazi huko.

Tatu, timu ina nini cha kuazima? Uwanja wa halmashauri, basi la shule, kocha wa timu ya wanaume, nyumba za wakazi wanaoweza kuwapokea wasichana kwa heshima. Vitu hivyo havionekani kwenye picha za uzinduzi, lakini ndivyo vinavyopunguza mzigo.

Nne, msichana akinyanyaswa, anamwambia nani? Iwe ni mtu asiyekula mkate wa kocha, na namba yake ya simu ijulikane kwa kila mchezaji na kwa mzazi wake.

Mzazi unayemruhusu binti yako kwenda kwenye majaribio, swali la nne ni lako hasa. Viongozi wasipokuwa na jibu, una haki ya kusubiri hadi walipate. Na ninyi mnaoishi karibu na uwanja, timu ikicheza nyumbani nendeni, hata kama siku hiyo hakuna mgeni rasmi.